Nani kamaliza bando? Kesi ya nyumba moja Kimara

Jumamosi saa mbili usiku bando la GB 10 lililonunuliwa Ijumaa mchana lilikuwa limekwisha. Binti wa nyumba alikuwa ameshajaza fomu ya mkopo wa elimu ya juu, kurasa za sahihi zimeshapita serikali ya mtaa na kwa wakili, zimeshaskaniwa, kilichobaki ni kuzipandisha tu. Dirisha la maombi lilikuwa linafungwa Jumatatu.

Baba wa nyumba hakuuliza mara mbili. Alimgeukia kijana aliyekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, mtoto wa mdogo wake mkewe, akamwambia: "Wewe Jumatatu asubuhi unapanda basi, unarudi Singida."

Kijana alisema, "Sawa, bamkubwa," akainuka kwenda kufunga geti. Nauli ikawekwa chini ya kitambaa cha meza, mahali ambapo kila mtu angeiona.

Nyumba nyingi zinaijua kesi hii hata kama hazina kompyuta. Kitu kikipungua, iwe sukari, uniti za LUKU au salio la simu, macho yote humwendea aliyekuja mwisho. Na ndugu wa upande wa mke akiwa ndiye aliyekuja mwisho, kesi huwa imehukumiwa kabla haijasikilizwa.

Kilichoiponza nyumba hii kilianza miezi mitatu nyuma, na hakikuanza na mtu. Mama wa nyumba ana steshenari ndogo barazani: kompyuta ya mezani, mashine moja kubwa ya fotokopi inayochapa na kuskani, rafu ya madaftari na bahasha. Mashine ile imeunganishwa na kompyuta kwa waya wa mtandao kupitia ruta ya zamani, iliyobaki ukutani tangu siku walizokuwa wakilipia intaneti ya mwezi. Malipo yalipowashinda, laini ilikatwa, ruta ikabaki. Haikuwa na intaneti tena, lakini iliendelea kufanya kazi moja muhimu: kuzikutanisha kompyuta na mashine.

Intaneti ikahamia kwenye simu ya biashara. Mama alinunua kidude cha Wi-Fi cha kuchomeka ubavuni mwa kompyuta, akawasha hotspoti ya simu, mambo yakaenda. Kuanzia siku ile kompyuta ilikuwa na kadi mbili za mtandao, ya waya na ya Wi-Fi, na hapo ndipo shida ilipoingia. Bahati mbaya ya kijana ni kwamba kidude kilinunuliwa wiki ile ile aliposhuka Stendi ya Magufuli na begi lake moja, akisubiri matokeo ya kidato cha nne.

Shida yenyewe ilikuwa na sura ya ajabu. Waya ukiwa umechomekwa, mashine inachapa lakini intaneti haipo, ingawa alama ya Wi-Fi imejaa. Waya ukichomolewa, intaneti inarudi lakini mashine haionekani. Mteja akituma barua yake WhatsApp, mama anachomoa waya, anaipokea, anaihifadhi, anachomeka waya, anachapa. Kazi thelathini kwa siku ni kuchomeka na kuchomoa mara thelathini. Ndani ya mwezi ule ulimi mdogo wa plastiki unaoshika waya ukavunjika, na waya ukawa unachomoka wenyewe mtu akigusa meza.

Kijana aliliona hilo siku ya nne tu. "Mamkubwa, mbona ukichomoa waya inarudi?" Akajibiwa aache kuchezea kompyuta ya watu. Baba akaongeza kwamba kabla hajaja, kompyuta haikuwa na matatizo. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa ushahidi.

Fundi aliitwa kutoka Kariakoo. Aliichukua kompyuta siku mbili, akairudisha na maneno mazito: sehemu ya mtandao kwenye mazabodi imekufa, ameweka kadi mpya ya waya. Shilingi 45,000. Mama alichomeka waya kwenye kadi mpya mbele yake, mashine ikachapa, fundi akaondoka na pesa yake. Jioni mteja wa kwanza wa WhatsApp alipotuma barua, hali ilikuwa ile ile, ila sasa kompyuta ilikuwa na kadi tatu badala ya mbili.

Fundi yule hakuwa tapeli. Aliona mtandao haupiti, akabadilisha kifaa cha mtandao, kama wafanyavyo wengi. Ila kadi iliyokufa haichapi. Na kadi iliyokufa haifufuki kwa sababu waya wa jirani yake umechomolewa. Maneno ya kijana, kwamba ukichomoa waya intaneti inarudi, yalikuwa yameshasema kila kitu: vifaa vyote ni vizima, vinachogombania ni njia.

Kompyuta inapotaka kwenda kwenye intaneti, haiangalii ni kadi ipi ina intaneti kweli. Inatafuta lango la kutokea. Ruta ya ukutani, ingawa laini yake imekatwa, iliendelea kuitangazia kompyuta kwamba yenyewe ni lango. Simu nayo, kupitia hotspoti, ikatangaza hivyo hivyo. Malango yakiwa mawili, Windows hulinganisha namba ambayo kila kadi imepewa, na lenye namba ndogo ndilo linalopewa msafara. Namba hizo hutolewa zenyewe kwa kufuata kasi ya kadi. Yenye kasi kubwa hupata namba ndogo. Waya kwa kawaida huishinda Wi-Fi. Basi kila ujumbe wa kompyuta ile ulipelekwa kwenye ruta isiyo na laini, ukaishia pale, huku simu yenye bando imekaa pembeni inasubiri. Ni kama nyumba yenye milango miwili ambayo wageni wote wanaelekezwa kwenye ule uliojengewa ukuta kwa nje, kwa kuwa ndio mpana.

Hayo yote hakuna aliyeyajua usiku ule wa Jumamosi. Mama ndiye aliyekosa usingizi. Kwa bando hakuwa na uhakika. Kwa nauli chini ya kitambaa alikuwa na uhakika kwamba asubuhi ingebidi ampigie simu mdogo wake Kiomboi na kumweleza mtoto anarudishwa kwa kosa gani. Saa kumi alfajiri alikwenda barazani, akawasha taa, akaanza kuchomeka na kuchomoa waya bila kuchapa chochote, akitazama tu alama pembeni mwa kioo. Akafanya hivyo mara tatu. Mara zote tatu waya ulipoingia, alama ilibadilika.

Akaenda kumwamsha kijana. "Ile siku ulisema nini kuhusu waya?"

Kijana si mtaalamu. Miezi ya kusubiri matokeo alikuwa akishinda kwenye duka la intaneti mjini Kiomboi, anafagia, anatoa fotokopi, na huko aliwahi kuona mwenye duka akihangaika na kompyuta yenye kadi mbili. Alikumbuka mambo mawili tu: neno ipconfig, na kwamba kadi isiyokwenda kokote haipewi lango.

Walifungua dirisha jeusi la amri, wakaandika ipconfig. Ikatoka orodha iliyomtisha mama kwa urefu wake: kadi tatu, pamoja na ile ya Bluetooth ambayo huorodheshwa hata kama haijawahi kutumiwa. Mtu akijua anachotafuta, orodha ile ni fupi. Kwa kila kadi kuna namba ya anuani, na chini yake mstari ulioandikwa Default Gateway, ambao ndio lango. Kadi mpya ya fundi ilikuwa na anuani inayoanza na 192.168.1 na lango 192.168.1.1, yaani ruta ya ukutani. Kadi ya Wi-Fi ilikuwa na anuani ya 192.168.43 na lango 192.168.43.1, yaani simu. Kadi ya zamani, ile iliyosemwa imekufa, iliandikwa tu kwamba haina waya. Malango mawili yalikuwa mbele ya macho yao.

Hapo kuna jambo ambalo huwachanganya watu wengi majumbani. Namba zinazoanza na 192.168 hazimilikiwi na mtu. Zilitengwa, pamoja na mafungu mengine mawili, kwa ajili ya mitandao ya ndani, na waraka wa utaratibu huo ulitolewa Februari 1996. Kila mwenye kiwanda cha ruta huchagua humo, na wengi huishia kwenye 192.168.1 au 192.168.0. Ndiyo maana nyumba yenye ruta mbili inaweza kukuta zote zinatumia fungu moja. Hiyo ni kesi mbaya kuliko ya Kimara, kwa sababu kompyuta ikiwa na kadi mbili zenye fungu lile lile, haijui mashine ya kuchapa iko upande gani. Leo inachapa, kesho haichapi, bila mtu kugusa kitu. Dawa yake ni kuingia kwenye ruta mojawapo na kuihamisha fungu, kwa mfano kuipeleka 192.168.2, kabla ya kufanya lingine lolote. Na anuani ikianza na 169.254, maana yake kadi iliomba anuani ikakosa wa kuijibu. Hapo mtu aangalie kwanza waya, na kama ruta imewashwa.

Kijana alifungua ukurasa wa kadi kwa kuandika ncpa.cpl, na papo hapo akakosea. Kulikuwa na kadi iitwayo Ethernet na nyingine Ethernet 2. Akachukua ya kwanza, akaondoa lango, akahifadhi. Hakuna kilichobadilika. Mama alishaanza kuvuta pumzi ndefu. Binti, aliyekuwa ameamka kwa kelele za barazani, ndiye aliyesema wachomoe waya waone ni ipi itakayowekewa alama nyekundu. Ikawa Ethernet 2. Walikuwa wamehangaika na kadi ambayo haikuwa na waya kabisa.

Hapo wakafanya jambo la busara ambalo fundi alipaswa kulifanya: walibadilisha majina. Ethernet 2 ikaitwa KOPIA. Wi-Fi ikaitwa SIMU. Ile ya zamani wakaizima isiingilie mambo. Inachukua dakika moja, na huokoa saa nzima ya kubahatisha.

Kisha wakaingia kwenye KOPIA, kwenye sehemu ya anuani za IPv4, wakaacha kuomba anuani kwa ruta na kuandika yao wenyewe: 192.168.1.50, chini yake 255.255.255.0, na mahali pa lango pakaachwa tupu. Hamsini haikuchaguliwa ovyo. Ruta yao ilikuwa ikigawa namba kuanzia 100, na mashine ilishapewa 20 na waliyoinunua kwake, kwa hiyo namba yao isingegongana na ya mtu. Kuna njia nyingine, ya kuacha malango yote mawili na kuingiza kwa mkono namba za kipaumbele, ndogo kwa SIMU na kubwa kwa KOPIA. Inafanya kazi, na inafaa pale ambapo waya nao una intaneti siku nyingine. Kwa waya ambao mwisho wake ni mashine ya fotokopi, kuuachia lango ni kuufanya udanganye. Bora lisiwepo.

Jaribio la kwanza halikuhitaji bando. Waya ukachomekwa, ukafungwa na kipande cha gundi ya karatasi kwa sababu ya ule ulimi uliovunjika, wakaandika ping 192.168.1.20. Mashine ikajibu mara nne. Jaribio la pili lilihitaji intaneti, na intaneti haikuwepo.

Mama alinyanyua kitambaa cha meza, akatoa nauli ya Singida, akampa kijana. "Nenda kwa wakala, uninunulie bando la siku. Chenji urudishe."

Aliporudi, baba alikuwa ameshaamka, amesimama na kikombe cha chai mlangoni pa baraza, hasemi kitu. Wakaandika ping 8.8.8.8, ambayo ni anuani ya Google inayojibu karibu saa zote. Ikajibu, na waya umechomekwa. Wanaofanya jaribio hili nyumbani wajue mpangilio huo una maana: kwanza kifaa cha ndani, halafu namba ya nje, halafu jina la tovuti. Namba ikijibu na jina likakataa, njia ni nzima, kinachokosekana ni kitafuta majina, na hiyo ni shida nyingine kabisa. Kimara jina nalo lilifunguka. Binti alichapa ukurasa mmoja wa majaribio huku WhatsApp ikiwa wazi kwenye kioo hicho hicho. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu vyote viwili vilikwenda pamoja.

Lakini kesi iliyomkabili kijana haikuwa ya waya. Ilikuwa ya bando, na baba hakuisahau. "Sawa, imepona. GB 10 zimekwenda wapi?"

Ni binti tena aliyefungua mipangilio ya Windows, sehemu ya mtandao, ukurasa wa matumizi ya data. Ukurasa ule huonyesha programu ipi imetumia kiasi gani ndani ya siku 30 zilizopita, na huwa hautazamwi na mtu mpaka pawe na ugomvi. Kivinjari, ambacho mtu angekitumia kuangalia filamu usiku, kilikuwa na kiasi kidogo kisichofika GB 1. Fungu kubwa lilikuwa la mfumo wenyewe: masasisho ya Windows. Lililofuata lilikuwa la programu inayopandisha nakala za mafaili kwenye hifadhi ya mtandaoni. Mafaili ya steshenari ya mwaka mzima, picha za pasipoti za wateja, ripoti za vikundi vya kina mama, vyote vilikuwa vinapanda mbinguni kwa bando la GB 10.

Na ilikuwa usiku kwa sababu ya waya. Mchana kutwa waya ulikuwa umechomekwa, intaneti imezibwa, masasisho yamejipanga foleni. Ijumaa usiku mama alipokea barua ya mteja wa mwisho, kwa hiyo alikuwa amechomoa waya. Akafunga baraza, akaacha kompyuta inawaka na simu kwenye chaji na hotspoti yake. Windows huichukulia Wi-Fi yoyote kama intaneti isiyo na kikomo mpaka iambiwe vinginevyo. Haijui kwamba upande wa pili kuna simu na vocha ya mtu. Njia ilipofunguka, ikala mpaka kukakucha, na Jumamosi kila waya ulipochomolewa ikaendelea kula.

Kumbe kuna kitufe cha kuiambia kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, kwenye sifa za Wi-Fi hiyo. Binti alikiwasha pale pale, na ile programu ya nakala akaisimamisha. Masasisho mengi husubiri kitufe hicho kikiwa kimewashwa. Yasiachwe milele, maana humo mna kinga dhidi ya virusi. Familia ikipanga siku moja ya mwezi ya kuyapakua kwa makusudi, gharama inajulikana na hakuna wa kusingiziwa.

Kurasa za sahihi zilipandishwa Jumapili saa nne asubuhi. Zilipandishwa mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza ukurasa mmoja ulikuwa umeskaniwa umepinda na mhuri wa wakili ukakatika, ikabidi urudiwe. Urudiwe kwenye mashine, na intaneti imefunguka, bila mtu kugusa waya. Dakika tatu.

Fundi alipigiwa simu kuhusu ile 45,000. Alisema kadi ilifungwa na inafanya kazi, na kwa hilo alikuwa na haki. Kadi bado imo ndani ya kompyuta.

Mama aliandika namba zote nyuma ya daftari la mauzo: KOPIA 192.168.1.50, 255.255.255.0, lango tupu. Chini yake akaandika kwa herufi kubwa kwamba waya usichomolewe. Hakumpigia simu mdogo wake asubuhi ile, wala hajamweleza hadi leo kwamba palikuwa na habari ya basi.

Jioni, baada ya chakula, baba aliinua pembe ya kitambaa cha meza akachungulia.

"Ile pesa mmeitumia?"

"Tumeitumia," mkewe akajibu. "Chenji iko kwenye kabati."

"Haya."

Akakaa kidogo. Kisha akavuta kiti cha barazani, akakiweka mbele ya kompyuta, na kingine pembeni yake. "Mwanangu, njoo hapa," alimwita kijana. "Hebu nionyeshe tena pale pa siku thelathini."